Kisima cha Ujiji na Lawama ya Mwanamke

Mwaka 1876, Henry Morton Stanley alisimuliwa Ujiji asili ya Ziwa Tanganyika. Hapo kale mume na mke walikuwa na kisima chenye samaki wasiokwisha, ambacho siri yake haikupaswa kutolewa. Mke akamwonyesha mpenzi wake; nchi ikapasuka, maji yakaumeza mji.

Ni rahisi kuona kwa nini mtoa elimu ya afya huitamani hadithi hiyo. Mwamgongo, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, mvua zikizidi na ziwa likipanda, vyoo vya ufukweni huwa hatarini, na kipindupindu hakiwi mbali. Kisima husikilizwa upesi kuliko takwimu za joto la dunia.

Lakini hadithi ina mkosaji, naye ni mwanamke. Ikisimuliwa mbele ya mama mwenye mtoto anayeharisha, ambaye pengine amekwisha kujiuliza alikosea wapi, inageuka hukumu; tena hukumu ya uongo, kwani hewa ya ukaa iliyoipasha dunia joto imetoka zaidi katika viwanda na magari ya nchi za mbali, si katika mitumbwi ya wavuvi wa dagaa.

Kwa hiyo wazee, wake kwa waume, waulizwe kwanza: hapa husimuliwaje, na nani mwenye idhini ya kuisimulia? Huenda wanayo nyingine, ambayo Stanley hakuisikia. Wakikataa, mhudumu azungumzie maji ya kuchemsha na vyoo vya mwinukoni kwa maneno ya kila siku.