Mashine Yasema "Tayari", Slaidi Imekauka

Leo naomba tuziache simu na intaneti kidogo, twende maabara.

Juzi rafiki yangu anayefanya kazi katika maabara ya tishu alinionyesha slaidi moja kwenye hadubini. Katikati rangi ilikuwa safi. Pembezoni ilikuwa kahawia tupu, kama chai iliyokaukia mezani. Mashine ya kutia rangi ilikuwa imeandika kwamba kila hatua imekamilika bila kosa. "Ilikauka usiku," akaniambia. "Na kipande cha mgonjwa kilikuwa hicho tu."

Kwa wasiojua: daktari akitaka kujua kama saratani ya matiti ina protini ya HER2 kwa wingi, kipande chembamba cha tishu hubandikwa kwenye kioo, kisha hudondoshewa kingamwili inayoitafuta protini hiyo. Rangi ya kahawia huonyesha iliposhika. Jibu hilo husaidia kuamua kama mgonjwa atapewa dawa ya trastuzumab. Si mchezo, jamani!

Sasa, kioevu chenyewe mara nyingi ni maikrolita 100 hadi 200, yaani matone machache tu, na huweza kukaa saa nzima au hata usiku kucha. Maji yakigeuka mvuke, chumvi na kingamwili hukolea, hasa pembezoni, na kingamwili hushika hata pasipostahili. Ukiilowesha slaidi tena baadaye, doa halitoki.

Kinga zipo. Mashine za Ventana hufunika kioevu kwa mafuta mepesi. Za Leica Bond huweka kifuniko cha plastiki juu ya kila slaidi. Anayefanya kwa mkono hutumia sanduku lenye karatasi iliyoloweshwa na mfuniko unaobana. Taabu iko kwenye mashine ambazo slaidi hukaa wazi.

Hapo ndipo nasema kosa ni letu sisi watengenezaji programu. Tumeifundisha mashine kuhesabu dakika, hatujaifundisha kujali maji. Mkono mmoja wa roboti huhudumia slaidi nyingi. Ukiwa umeshughulika kwingine, dakika 60 ulizopanga huwa 75, na slaidi inangoja huku inakauka.

Ningetaka mambo matatu. Kwanza, mashine ikatae kuanza kama trei ya unyevu haina maji. Pili, kabla ya kuanza, ratiba ihakikishe kwamba mkono utakuwa huru saa ya kuosha kila slaidi ikifika. Tatu, kumbukumbu iandike muda ambao slaidi ilikaa kweli, si muda uliopangwa. Hayo ya pili na ya tatu hayahitaji hata kifaa kipya, ni programu tu.

Mtaniambia kuna slaidi ya kulinganishia, itaonyesha kosa. Sawa, lakini ikiwa imekaa nafasi nyingine ndani ya mashine, yaweza kutoka nzuri huku ya mgonjwa ikiharibika.

Fundi aliyeiacha mashine jioni aliiamini. Asubuhi alikuta neno "tayari". Kwangu mimi, neno hilo lisiandikwe kwa sababu saa imefika. Liandikwe kwa sababu kazi imefanyika. Au nyinyi mwaonaje?