Santuri Zilizofufuka na Maneno Yaliyoachwa

Imekuwa desturi, kila itolewapo upya Ulaya au Marekani santuri ya kale ya muziki wetu wa dansi, kusikia vyuoni kilio kile kile: wageni wametupora. Kilio hicho kina haki yake panapohusika malipo ya watunzi na warithi wao, na madai ya namna hiyo yana sheria yake ya mwaka 1999. Lakini naona aghalabu hutumika kufunika uvivu wetu wenyewe.

Tuseme kweli. John Storm Roberts, Mwingereza aliyehamia Marekani, alizikusanya na kuzitoa upya nyimbo za Kenya na Tanzania katika miaka ya 1980, wakati wengi wetu wenye elimu tuliziona kuwa makelele ya vilabuni. Werner Graebner, Mjerumani, amesimamia mfululizo wa Zanzibara uliotolewa Ufaransa tangu 2005. Sehemu yake ya tatu, ya 2007, ni ya dansi ya Tanzania ya miaka ya 1960. Maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, kwa kuwa wanunuzi wako huko. Kuyaandika kwa Kiswahili ilikuwa kazi ya nani, kama si yetu?

Upungufu huo niliuona Bujonde, wilayani Kyela, kando ya mashamba ya mpunga karibu na Ziwa Nyasa. Mzee mmoja wa huko aliniimbia wimbo wa Mbaraka Mwinshehe tangu mwanzo hata mwisho, naye santuri hana hata moja, aliushika redioni. Mimi niliyekuwa nao katika santuri iliyotolewa upya nikamwitikia kwa majivuno. Akanikatiza. Neno nililolitamka silo. Kwa miaka mingi nililisikia vibaya katikati ya mikwaruzo, na maana ya ubeti mzima ilikuwa imenipotea.

Wala asidhani msomaji kwamba jambo hili ni dogo. Radio Tanzania ilizirekodi bendi Dar es Salaam, lakini santuri zilitengenezwa Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, usifunguliwe hata 1983, njia hiyo ikakatika. Nyimbo nyingi za miaka hiyo hazikupata kuwa santuri kabisa. Zilibaki katika kanda za redio na katika vifua vya wasikilizaji, na kanda huchakaa.

Atasema mtu: wimbo wa dansi ni wa kuchezwa, si wa kusomwa. Na mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na 1840, je, yalitungwa yasomwe darasani? Yalikuwa ya kutajwa na kubishaniwa Mombasa, nayo yangepotea kama Mwalimu Sikujua asingeyatafuta kwa wenye kuyakumbuka, akashirikiana na William Taylor kuyaandika. Yalipochapishwa Johannesburg mwaka 1940, mhariri alikuwa Hichens. Lakini pasipo masikio ya Sikujua, Hichens angehariri nini? Leo twamsomesha Muyaka kwa fahari, wala hatuulizi yuko wapi Sikujua wa Mbaraka, aliyefariki 1979, au wa Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki 1965.

Kwa hiyo, kabla ya kulilia santuri ijayo, idara zetu za Kiswahili na ziwape wanafunzi wawili watatu daftari, wakati wa likizo, waende Bujonde na kwingineko wakaandike maneno kamili ya nyimbo hizo, na jina la mtunzi, na bendi, na mwaka kama unakumbukwa. Wakiambiwa matoleo mawili yasiyopatana, wayaandike yote mawili. Kisha wapelekewe hao wazitoao upya santuri, na waombwe wayachape kwa Kiswahili mbele ya tafsiri yoyote. Wakikataa, tutakuwa na neno la kuwalaumu, nalo tutakuwa tumelichapa wenyewe. Mzee wangu wa Bujonde yu tayari; ameniuliza mara mbili nitarudi lini, kwa maana anasema wimbo wa pili nao naukosea.