Wazazi Hawajaficha Mtu

Kila Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, hotuba huwa ni ile ile. Mgeni wa heshima hushika kipaza sauti, huwashukuru waandalizi, kisha huwageukia wazazi: acheni kuwaficha watoto, serikali ina misaada lakini hamjitokezi. Watu hupiga makofi. Maneno hayo hufika kwenye mabaraza ya machifu, huingia redioni, na sasa hata majirani wanaamini kwamba mtoto mwenye usonji hapati kitu kwa kuwa mamake ana aibu.

Imani hiyo ni ya uongo, tena ni uongo unaoumiza. Inamtwika mama lawama isiyo yake, na inamwondolea afisa swali analopaswa kujibu: wale waliojitokeza mmewafanyia nini?

Tuanze na njia yenyewe. Ili mtoto atambuliwe na serikali ya Kenya, sharti awe na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kadi haitoki bila tathmini ya madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa. Hospitali nyingi zimeitengea kazi hiyo siku moja tu kwa wiki, na siku hiyo wote hupanga foleni moja: aliyekatwa mguu, asiyeona, mzee aliyepooza, na mtoto mwenye usonji asiyeweza kuvumilia kelele wala msongamano.

Jirani yangu wa Likoni ameipita njia hiyo na mwanawe wa miaka tisa. Kwanza matatu, kisha feri, mtoto akijiziba masikio kwa viganja kila honi ilipolia, halafu matatu nyingine. Walifika alfajiri. Kufikia saa nne mtoto alikuwa sakafuni, anapiga mayowe na kujiuma mkono, na watu waliokaa kwenye benchi wakimwambia mama amchape kidogo atulie. Zamu yao ilipofika, aliyekuwa mezani alimtazama mtoto kichwani hadi miguuni, akasema, "Mamangu, mbona huyu ni mzima? Anatembea, anaona. Mpeleke kwanza kwa daktari wa akili akuandikie barua." Daktari huyo hakuwepo katika hospitali hiyo. Mama huyu aliamka usiku, akavuka kivuko, akamweka mwanawe mbele ya macho ya umma mzima. Nani atathubutu kumwambia anaficha?

Yaliyompata hayakuletwa na ukali wa mtu mmoja. Huduma zetu zilijengwa kwa ajili ya ulemavu unaoonekana kwa macho. Ndiyo maana misaada inayojulikana zaidi ni viti vya magurudumu, magongo, fimbo nyeupe, vifaa vya kusikia, na mafuta ya kuwakinga wenye ualbino na jua. Yote hayo yanahitajika, na bado hayatoshi. Lakini mtoto mwenye usonji huenda akahitaji mtaalamu wa kumfundisha kuwasiliana, wa kumzoesha kula na kuvaa mwenyewe, nepi ilhali ana miaka kumi na miwili, dawa za kifafa kwa baadhi yao, na mtu wa kumwangalia pindi mamake anapokwenda kibaruani. Hayo hayapakiwi kwenye lori wala kupigwa picha yakikabidhiwa.

Hata sensa ya 2019 haikumpa mtoto huyo nafasi yake. Makarani waliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Ualbino nao ukaulizwa. Usonji haukutajwa kwa jina, na takwimu za ulemavu zilizotangazwa zilihusu watu wa miaka 5 kwenda juu. Mzazi alimfungulia karani mlango, akajibu kila alichoulizwa, na bado mwanawe hakuhesabiwa jinsi alivyo.

Sasa tuje kwenye pesa. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa. Hizo ni shilingi 66 hivi kwa siku, na mara nyingi huchelewa. Kikao kimoja cha mtaalamu katika kliniki ya kibinafsi kinaweza kuzimaliza zote. Tena si kila anayezihitaji anazipata. Kwa miaka mingi fungu hilo la wenye ulemavu mkubwa lilikuwa na nafasi za kaya 47,000 hivi nchi nzima. Zigawe kwa maeneo bunge 290, utapata kaya 160 hivi kwa kila eneo, kwa ulemavu wa kila aina. Sensa ile ile ilihesabu watu wapatao 900,000 wenye ulemavu. Si wote wana ulemavu mkubwa, lakini pengo hilo halikuchimbwa na wazazi. Wangejitokeza wote siku moja, wengi wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Najua nitakachojibiwa: wapo watoto waliokutwa wamefungwa kamba au wamefungiwa chumbani. Kweli wapo, na kamba siitetei. Lakini uliza imefikaje hapo. Mama anafua nguo za watu kwa malipo ya siku. Mwanawe hajui hatari; mlango ukiachwa wazi hukimbilia barabarani au kisimani. Shule ya karibu haina kitengo maalum, au inacho na mwalimu mmoja aliyelemewa. Shangazi aliyekuwa akisaidia amechoka. Kamba hiyo imeletwa na kukosa msaada, nasi tunaigeuza kuwa sababu ya kukosa msaada. Mpe mama huyo mahali salama pa kumwacha mtoto kwa saa sita, kisha uone kama atamfunga.

Na watu wazima je? Kijana mwenye usonji akimaliza kitengo maalum cha shule ya msingi, mara nyingi hana pa kwenda. Asiyezungumza hubaki nyumbani na wazazi wanaozeeka. Anayezungumza, tena amesoma, huweza kuambiwa kwenye tathmini kwamba hana ulemavu, kwa vile tu amejibu maswali vizuri. Upo msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi, na ni haki njema, ila humfaa mwenye mapato. Anayenyimwa kazi kila akihojiwa kwa kuwa hamtazami mtu machoni haumsaidii kitu.

Sheria zipo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Kifungu cha 54 kinalinda heshima na haki ya elimu ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2025 tulipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Kilichobaki ni kutekeleza.

Timu za tathmini ziende kwenye zahanati na shule za mashinani. Mtoto mwenye usonji apewe saa yake ya miadi. Fomu iulize mtu anahitaji msaada gani ili aimalize siku yake salama, hata kama anatembea na kuona. Mtu mzima apimwe kwa maisha ya mtu mzima. Idadi ya wanaolipwa ifuate mahitaji, isifuate mgao wa eneo bunge.

Nanyi wazazi, mkiambiwa tena barazani kwamba mnaficha watoto, msiinamishe vichwa. Simameni mumuulize msemaji: katika wadi hii walioomba ni wangapi, waliopata ni wangapi, na waliobaki wanasubiri nini? Asiye na majibu hayo hana haki ya kumlaumu mzazi yeyote.