Kadi yako nayo ni nakala



Katika kituo kimoja cha afya hapa Bujumbura, ambako nilikuwa nikiandikisha wagonjwa, kompyuta ilianza kugonga "ka, ka, ka" asubuhi moja, kisha ikazimika. Fundi alituambia diski imekufa. Ndani yake mlikuwa na tarehe za chanjo za watoto na dozi za wagonjwa wa kifua kikuu.

Hatukupoteza yote. Kila jioni kompyuta ile ilikuwa ikituma nakala kwa intaneti kwenye kompyuta nyingine iliyo mbali. Hilo ndilo watu huliita "wingu". Fundi aliweka diski mpya, akaingiza neno la siri, na nakala zikaanza kurudi polepole kwa siku mbili. Lakini nakala ya mwisho ilikuwa ya siku 11 nyuma! Intaneti ilikuwa imekatika, na hakuna aliyeangalia kama nakala zinafika.

Nani aliturudishia siku hizo 11? Akina mama. Waliokuja na kadi za chanjo, tulinakili tarehe palepale. Mtoto asiye na kadi huhesabiwa kama hajachanjwa, akachomwa tena. Na mgonjwa wa kifua kikuu ambaye dozi zake hazijulikani yuko hatarini zaidi, kwani dawa zikikatizwa ugonjwa unaweza kuwa sugu.

Wapo wanaosema karatasi zimepitwa na wakati. Mimi sikubali. Wingu nalo ni nyumba yenye mashine, na nyumba huungua. Tarehe 10 Machi 2021, jengo la kampuni ya OVHcloud liliungua mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja ambao nakala zao zilikuwa mahali hapohapo walipoteza vyote. Sisi wa Bujumbura tulikwisha kuliona hilo tarehe 27 Januari 2013, soko kuu lilipoteketea. Aliyeacha bidhaa na daftari la madeni katika kibanda kimoja, vyote viliondoka pamoja.

Kwa hiyo ninawaomba wahudumu wa afya: msiridhike kwamba nakala ipo. Angalieni kila wiki kama imefika, na kila mwezi jaribuni kurudisha faili moja. Daftari la karatasi lisiachwe. Diski ikianza kugonga, zimeni kompyuta mwite fundi. Kuilazimisha ni kuiharibu zaidi.

Nanyi wakazi wa kambi, wekeni kadi ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na vitambulisho. Msimpe mtoto aichezee. Mnapohamishiwa kambi nyingine, ombeni karatasi ya uhamisho kabla ya kupanda gari. Sisi wakimbizi tunajua kuondoka ghafla: nyumba hubaki, mifugo hubaki. Kadi haina uzito, isibaki.

Akiba haiozi.