KABURI LA WAZEE WETU SI KICHEKESHO

Ndugu wanachama, mgeni akifika Biharamulo huonyeshwa boma la Wajerumani. Kuta zake zimetengenezwa. Lakini nani humweleza mgeni huyo walikozikwa watu waliotawala nchi hii kabla Mjerumani hajaweka jiwe lake la kwanza?

Mwaka 1861 Mwingereza Speke alipita Usui, nchi iliyo leo katika Biharamulo na Ngara, akatozwa hongo na mtawala wake, Suwarora. Kisha akaingia Karagwe kwa Rumanyika. Katika kitabu chake cha 1863 aliandika jinsi mfalme wa Karagwe alivyozikwa: maiti ilishonewa katika ngozi ya ng'ombe, ikakaa siku tatu juu ya mtumbwi ziwani, ikapelekwa mlimani. Haikufukiwa, bali ilijengewa nyumba. Humo, asema, wakafungiwa wasichana 5 na ng'ombe 50 mpaka wakafa kwa njaa.

Wakoloni walipenda sana habari kama hizo. Walisema: tazameni, washenzi hawa! Haya, nasi tuulize. Mkwawa alipokufa mwaka 1898 kichwa chake kilichukuliwa, kikarudi Kalenga mwaka 1954. Miaka 56! Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 ya watu wa Afrika Mashariki. Yapata 200 yalitoka Tanzania ya leo, na mengi zaidi yalitoka Rwanda, jirani wa Ngara. Anayemzika mfu wake kwa desturi ya kwao, na anayemfukua mfu wa mwenziwe akamweka kabatini kwa nambari, mshenzi ni yupi?

Lakini tusijidanganye. Hatuwatetei waliowafungia wale wasichana. Ikiwa Speke aliambiwa kweli, huo ulikuwa udhalimu, hata kama ulifanywa na wetu.

Wako watakaosema: machifu tuliwaondoa mwaka 1963, makaburi yao ya nini? Ndugu, kulinda kaburi si kurudisha kiti. Na tena, katika nyumba ile hakulala mfalme peke yake. Walilala na mabinti watano ambao Speke hakuandika majina yao. Aliwahesabu tu, kama alivyohesabu ng'ombe. Kaburi lile likiachwa lipotee, wanaopotea mara ya pili ni hao.

Basi ifanyike kazi. Vijana wa Ngara, Biharamulo na Karagwe waende kwa wazee, wabishe hodi, waombe ruhusa, wasikilize, waandike. Halmashauri ziweke mipaka ili mahali pa kale pasilimwe wala kuchimbwa. Mgeni aje, lakini aongozwe na mwenyeji, avue kofia, asiokote kitu.

Habari za wafu wetu zisibaki mikononi mwa mpita njia. Tuziandike wenyewe, tamu na chungu.