Gesti ya Voi na ruta ya mapokezi

Nilikuwa Kishushe, kule kwenye machimbo ya chuma, nikimwekea mwenye duka programu ya kuhesabu bidhaa. Usiku nikalala Voi, gesti ya bei nafuu inayojiita hoteli ya wafanyabiashara. Chumba safi, chandarua kizima. Lakini ruta ni moja, chini mapokezi, na mimi orofa ya tatu. Soketi imejificha nyuma ya kitanda. Mteja alitaka kufungua asubuhi na programu bado ina hitilafu, basi nikashuka na laptopu, nikakaa sakafuni kando ya mlinzi hadi saa nane usiku.

Mimi naona tatizo si pesa. Ruta ilirusha masafa ya 5 GHz pekee, 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi, ingawa kasi hupungua. Voi ni njia panda: barabara ya Mombasa na Nairobi, ya Taveta, na tangu 2017 reli ya SGR. Watu wa kazi tunapita kila siku! Televisheni sikuiwasha kabisa. Meza yenye soketi ningeilipia hata shilingi mia mbili zaidi.

Asubuhi nilimweleza meneja. Akacheka, akanipa nenosiri la ruta nibadilishe mwenyewe.