Kauboi na Umati Wenye Hasira

Wapo wanaoshikilia kwamba michezo ya kale ya runinga ya Marekani kuhusu makauboi ni vumbi na bastola tu. Hao hawakuitazama kwa makini. Gunsmoke, iliyoonyeshwa tangu 1955 hadi 1975 kwa vipindi 635, ilimweka Matt Dillon katika mji wa Dodge City, Kansas, awe mlinda sheria. Jambazi si mtihani mkubwa kwa mtu wa namna hiyo. Mtihani ni majirani zake mwenyewe, watu anaokula nao, wanapofika na kamba wakitaka mahabusu anyongwe kabla ya kuhukumiwa. Hapo sheria humlinda hata yule tunayemchukia, au si sheria.

Bonanza nayo, mnamo Aprili 1964, ilisimulia habari za mwimbaji wa opera mweusi anayebaguliwa, miezi michache kabla ya Sheria ya Haki za Kiraia kutiwa sahihi. Huo ulikuwa ujasiri.

Hata hivyo, sifa hizi zisitupofushe. Wanahistoria hukadiria kwamba yamkini kauboi mmoja katika kila wanne alikuwa mweusi. Runinga iliwaficha karibu wote. Wenyeji asilia walionyeshwa kama washenzi, tena aghalabu wakiigizwa na wazungu waliopakwa rangi.

Mwalimu atakayeonyesha kipindi kimoja darasani na awaulize wanafunzi wake: kwa nini Dillon hamtoi mahabusu, na ni nani asiyeonekana kabisa katika mji ule?